BARAZANI KWA MWALIMU: Kupiga Kisichoandikwa



Mwezi uliopita niliahidi kuendelea na habari za methali na malezi, lakini naomba radhi, ahadi hiyo naiahirisha. Dada mmoja wa Riyadh ameniletea waraka kwa mkono wa mtu aliyekuwa akija huku kwa Umra, nao umenikaa moyoni kwa sababu unagusa jambo lililoitikisa nyumba yangu mwenyewe. Binti yake wa miaka 13 anajifunza gitaa katika kituo kimoja chenye leseni, na sasa ameomba aandikishwe katika mafunzo ya jazi, hasa ile fani ya kupiga papo kwa papo bila kutazama karatasi. Mama anauliza: "Mwalimu, ikiwa ni kupiga bila karatasi, ada ninalipia nini? Si kila mtoto anaweza kugongagonga atakavyo bila kufundishwa?"

Kabla ya kumjibu, nawajibika kutanguliza neno. Miongoni mwenu wamo wanaoshika kauli ya wanazuoni wanaokataza ala za muziki, na wamo wanaofuata kauli nyingine. Mimi si mufti. Ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili na historia, na mwenye shaka aende kwa anayemwamini katika elimu ya dini, asije kwangu. Ninaloliandika hapa ni la ufundishaji: vipi binadamu hufundishwa kusema jambo ambalo hakuandikiwa. Asiyetaka kusikia habari za ala anaweza kulisoma kwa jicho la ushairi au la hotuba, nalo halitapungua maana.

Wale waliofika katika nchi hii miaka ya karibuni huenda wasijue ilivyokuwa. Mimi nilipokuja kwa wanangu, mtoto aliyetaka kujifunza ala alifundishwa sebuleni, madirisha yakiwa yamefungwa. Onyesho la Mohammed Abdu hapa Jeddah mwezi Januari 2017 lilikuwa la kwanza la aina yake baada ya miaka kadhaa, na lile la Riyadh la mwezi Machi mwaka huohuo watu walilizungumza kama ndoto. Februari 2018 Riyadh ikawa na tamasha lake la kwanza la jazi, la siku tatu. Mwaka 2020 ikaundwa Kamisheni ya Muziki chini ya Wizara ya Utamaduni, na kabla ya mwaka huo kwisha zikatangazwa leseni za kwanza za vituo vya kufundishia muziki. Basi mlango umefunguka kwa haraka, na mlango ukifunguka kwa haraka huingia mjuzi na asiye mjuzi kwa pamoja. Kwa hiyo swali la dada yetu si la uchoyo. Ni la busara.

Mjukuu wangu wa hapa Jeddah ana miaka 15. Alianza piano akiwa na miaka 8, na amefaulu mitihani ya bodi ya London hadi daraja la tano. Vyeti vyake mama yake amevitia fremu. Weka karatasi mbele yake, atakupigia bila kosa. Siku moja, mwaka juzi, walikuja wageni nyumbani, na mmoja wao, mzee mpole wa Mombasa, akamwambia, "Basi, mwanangu, hayo ni ya watu. Tupigie kitu chako." Mtoto akaniangalia mimi, akaiangalia piano, na mikono ikabaki magotini. Mzee aliona amemtia haya akabadilisha mazungumzo upesi. Lakini usiku ule mjukuu wangu alikuja chumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Bibi, mimi sina changu." Nimefundisha miaka 34 na nimesikia watoto wakisema mengi, lakini neno hilo lilinitoa usingizi.

Kituo cha kwanza tulichompeleka, jina lake nalihifadhi, kilikuwa na tangazo kubwa mlangoni kwamba hufundisha jazi. Kwa miezi miwili alipewa vitabu vyenye mapigo ya wapigaji mashuhuri, yameandikwa noti kwa noti, naye akayakariri kama alivyokariri mengine yote. Akarudi nyumbani akipiga kama mtu mzima wa New York. Nikamwuliza, "Na hapa katikati, ukipenda kusema jingine?" Akasema hawaruhusiwi kubadilisha. Kwa maoni yangu huko ni kumkaririsha mtu hotuba ya mwenzake kisha ukamwita msemaji.

Hatimaye tukapata habari ya warsha ya Jumamosi tano mfululizo, baina ya Alasiri na Magharibi, katika nyumba moja ya zamani iliyokarabatiwa huko Al-Balad, katikati ya zile nyumba zenye roshani za mbao ambazo Mahijazi nao huziita roshani kama sisi. Ada ya Jumamosi zote tano haikufika ile tuliyokuwa tukilipa kwa mwezi mmoja.

Hapo ndipo mwanangu, yaani baba wa mtoto, alipokataa. Hakukataa kwa ukali, kwani amelelewa vyema, lakini alikataa. "Mama," aliniambia, "piano ya mitihani nilikubali kwa sababu ni masomo, ina cheti. Hili la kupiga ovyo ni la mabaa. Sikumleta mwanangu karibu na Nyumba Tukufu ili awe mpiga bendi." Sikumjibu siku ile. Mtu mzima huachwa alale na neno lake. Baadaye aliuliza alikouliza, akarudi na masharti matatu: marudio ya hifdhi ya Kurani yatangulie kila siku, Magharibi isimkute njiani, na mimi niende naye nikae mle ndani tangu mwanzo hadi mwisho. Nikakubali yote. Sharti la tatu ndilo lililonipatia makala hii.

Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja: wasichana wawili wa Kisaudia, mhandisi wa Kimisri mwenye mvi, muuguzi wa Kifilipino, kijana wa Kisudani aliyekuwa na tarumbeta ya kuazima, na wengineo. Mwalimu alikuwa Mlebanoni apigaye saksafoni. Jumamosi ya kwanza hakuna ala iliyotolewa mkobani. Aliwasimamisha duara, akawahesabia moja hadi nne, akawataka wapige makofi katika hesabu ya pili na ya nne tu. Nusu saa nzima! Nilikuwa nimeanza kuhesabu fedha zetu kimoyomoyo. Kisha akaimba kifungu kifupi kisicho na maneno, nao wakakirudia. Baada ya hapo akabadilisha amri: "Sasa msinirudishie. Nijibuni." Kila mmoja alipaswa kuimba kifungu chake chenye urefu uleule. Mhandisi alicheka kwa haya lakini akajibu. Zamu ilipofika kwa mjukuu wangu akaimba kilekile alichoimbiwa. Mara ya pili, kilekile. Mara ya tatu, kilekile, tena kwa usahihi wa kustaajabisha. Mwalimu akamwambia kwa upole, "Nimekwambia assalaam alaykum, nawe umeniambia assalaam alaykum. Wa alaykum salaam yangu iko wapi?"

Ndugu wasomaji, mnisamehe, hapo nilijifikiria mimi badala ya mtoto. Katika miaka yangu ya ualimu nilifundisha insha kwa kielelezo. Niliandika ubaoni mwanzo mzuri wa insha ya "Siku ya Soko", wanafunzi wakaukariri, na aliyeurudisha bila kosa alipata alama nyingi. Yupo msichana mmoja aliyeanza insha yake kwa harufu ya dagaa mikononi mwa mama yake, bila hata sentensi moja ya mwanzo wangu. Nilimkata alama, nikaandika kwa wino mwekundu: "Fuata mfano." Sasa hivi ni mtu mzima mahali fulani, na sijui kama aliwahi kuandika tena.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya sauti moja. Si mzaha: kila mmoja alipewa noti moja tu, akatakiwa azungumze nayo kwa dakika nzima huku wenzake wakimpigia mwendo. Ukinyang'anywa noti nyingine zote, unabakiwa na nini? Unabakiwa na wakati, na nguvu ya mkono, na urefu wa sauti, na kimya. Yule kijana wa Kisudani alipiga mara tatu, akanyamaza mapigo manane mazima, sote tukisubiri kama watu wanaosubiri lifti, kisha akaipiga mara moja tu, kwa sauti ndogo kabisa. Chumba kizima kikaangua kicheko. Alikuwa amesimulia kisa kwa noti moja. Mjukuu wangu alijaza dakika yake yote bila pumzi, mithili ya cherehani.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyomjibu dada yetu wa Riyadh, na hapa nitakaa kidogo. Mwalimu alichora ubaoni umbo liitwalo bluzi, ambalo ndilo jando la wapiga jazi wote. Ni vipimo 12, kila kimoja kina mapigo manne, jumla mapigo 48, kisha mzunguko huanza upya. Ndani yake mna sentensi tatu za vipimo vinne vinne: ya kwanza hutaja neno, ya pili hulirudia kwa mabadiliko kidogo, ya tatu hulijibu. Chini ya sentensi hizo sauti za msingi nazo hufuata kanuni: vipimo vinne hukaa nyumbani, viwili huenda daraja ya nne ya ngazi, viwili hurudi nyumbani, kimoja hupanda ya tano, kimoja hushuka ya nne, viwili hurejea nyumbani. Mpigaji haandikiwi atakachopiga, lakini anajua wakati wote yuko wapi ndani ya umbo hilo, na wenzake wanajua, na msikilizaji aliyezoea naye anajua. Akipotea hata kipimo kimoja, wote wanamwona amepotea.

Je, hili ni geni kwetu? Mtunzi wa shairi la mishororo minne ana mizani 16 kwa kila mshororo, nane kwa nane, ana vina vya kati na vya mwisho, na hana ruhusa ya kuvivunja. Hata hivyo wazee wetu walisimama ngomani wakajibizana kwa beti walizozitunga palepale, mmoja akifumba na mwenziwe akifumbua, na hakuna aliyesema wanaropoka. Mombasa ya Muyaka bin Haji, karne mbili zilizopita, ilijaa majibizano ya namna hiyo. Mtu hawezi kufumbua papo kwa papo ikiwa hana hazina kichwani: maelfu ya maneno, vina vilivyopangwa tayari, beti za watangulizi. Papo kwa papo ni pale mbele ya watu tu. Nyuma yake ipo miaka ya kazi. Kwa hiyo, dada yangu, ada unalipia hiyo miaka, na unalipia watu wa kujibizana nao, maana hili la pili haliuzwi dukani wala halimo katika kitabu.

Husimuliwa habari za Charlie Parker, mpiga saksafoni wa Kansas City aliyezaliwa mwaka 1920, kwamba akiwa kijana wa miaka 16 hivi alijitosa jukwaani kati ya mabingwa, akapotea ndani ya umbo la wimbo, na mpiga ngoma Jo Jones akamtupia tasa la shaba miguuni ili ashuke. Alishuka. Kisha akaenda kufanya kazi katika bendi ya milimani majira ya kiangazi, akiwa na santuri za Lester Young, akazisikiliza hadi akaweza kupiga kila sauti iliyomo. Angalieni tofauti na kile kituo chetu cha kwanza: Parker naye aliiga, lakini aliiga kwa sikio. Aliyeiga kwa sikio hujua sauti imetoka wapi na inakwenda wapi. Aliyeiga kwa karatasi hujua kidole kiende wapi.

Nilipokuwa kijana neno hili "jazz" lilitapakaa kwetu pasipo jazi yenyewe. Tulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Nuta Jazz, na ng'ambo ya ziwa African Jazz ya Kabasele tangu 1953 na OK Jazz ya Franco tangu 1956. Hiyo ilikuwa rumba na dansi, wala si muziki wa Parker, na wapo wasomi waliotucheka. Mimi sicheki. Sikilizeni gitaa la solo wimbo unapokaribia kwisha, pale maneno yanapokoma na mpigaji akaachiwa uwanja. Anafanya jambo lilelile: mzunguko mfupi unaojulikana, na juu yake mazungumzo yasiyoandikwa.

Na kabla ya dansi ilikuwepo taksimu. Taarabu ya Unguja ilipokea kutoka Misri, tangu zama za Sayyid Barghash, ule utaratibu wa mpigaji mmoja wa udi, kanuni au fidla kufungua wimbo peke yake, bila mapigo ya ngoma, akitembea ndani ya maqamu na kuionyesha sura yake kabla waimbaji hawajaanza. Nikiwa likizoni Unguja miaka kadhaa iliyopita nilipita katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2001, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa katika jengo la forodha ya zamani pale Mji Mkongwe. Wanafunzi walisoma noti za Kizungu chumba kimoja, na chumba cha pili mzee alipiga kifungu cha kanuni, mwanafunzi akakirudia, akapiga kingine, hadi mwanafunzi akaanza kuongeza chake. Hapakuwa na karatasi hata moja. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kuwa kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha baada ya wafadhili kujitoa. Kilinusurika, lakini niliposikia habari ile niliwaza juu ya mafundi wale wazee na walichokibeba vichwani mwao. Nairobi nako, kule Korogocho, vijana wa mradi wa Ghetto Classics ulioanza mwaka 2008 wamepata kufundishwa ana kwa ana na wapigaji wa kimataifa waliokuja kwa tamasha la jazi la Safaricom, ambalo mapato yake yalipelekwa kwenye mradi huohuo.

Huku tuliko napo pana yake. Mahijazi wana majass: mtu mmoja husimama arusini, bila ala, akaipandisha sauti ndani ya maqamu kwa namna anavyoona hadhira inamwitikia. Na moja ya maqamu mashuhuri kabisa inaitwa Hijazi, kwa jina la nchi hii tunayoikanyaga. Watoto wetu wanaishi ndani ya sauti hizi asubuhi na jioni. Naandika sentensi inayofuata kwa tahadhari: kisomo cha Kurani si muziki, hasha, na maneno yake hayaongezwi wala hayapunguzwi. Lakini mtoto aliyekaa miaka mitano mbele ya ustadhi mzuri akasikiliza na kurudia ana sikio lililonolewa kuliko wenzake wengi, na sikio hilo halimtoki anapotoka madrasa.

Jumamosi ya nne mwalimu alitaka kila mwanafunzi alete kifungu cha vipimo vinne alichokinasa kwa sikio kutoka katika muziki wa nyumbani kwao, akiimbe kwanza, ndipo akipige. Mjukuu wangu alinijia: "Bibi, muziki wa kwetu ni upi?" Swali hilo, wazazi wenzangu, sisi ndio tuliomfanya aliulize. Nikafungua sanduku, nikatoa kanda ya zamani ya Ikhwani Safaa, yenye taksimu ya udi kabla ya wimbo. Aliisikiliza siku tatu. Aliimba vizuri tangu siku ya kwanza, lakini kwenye piano akakwama, akakasirika, akapiga kifuniko. Sauti moja ilikuwa haimo! Na kweli haikuwamo. Taksimu ile ni ya Bayati, na sauti ya pili ya Bayati imekaa katikati ya vitufe viwili vya piano. Piano ina Hijazi, haina Bayati.

Alipomweleza mwalimu, yule Mlebanoni alifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi. Akamwonyesha hila ya wapiga bluzi wa zamani ambao nao walikuwa na sauti zisizomo kwenye piano: hugonga vitufe viwili jirani kwa pamoja, au huteleza haraka kutoka kimoja hadi kingine, ili sikio la msikilizaji lijijazie lililo katikati. Thelonious Monk alijulikana kwa kugonga namna hiyo. Tena akamsimulia habari za Ahmed Abdul-Malik, aliyekuwa akimpigia Monk besi, ambaye mwaka 1958 alirekodi santuri ya Jazz Sahara, udi na kanuni zikiwa pamoja na saksafoni. Mimi nikaongeza kwa niaba yangu habari za Dokta Yusef Lateef, aliyesilimu mwaka 1948, akafundisha Nigeria mapema miaka ya 1980, na ambaye shahada yake ya udaktari ya mwaka 1975 ilikuwa ya elimu, akilinganisha elimu ya Magharibi na ya Kiislamu. Hata neno "jazz" hakulipenda, aliliona linaudunisha muziki wake. Mtoto alisikiliza kwa makini, na jioni alimsimulia baba yake habari ya Dokta Lateef peke yake, Monk akamwacha. Wajanja, watoto hawa.

Basi, dada yangu wa Riyadh, ukienda kukagua mafunzo hayo usiulize kwanza juu ya cheti. Omba ukae ndani dakika arobaini. Tazama kama watoto wanaimba kabla ya kupiga, na kama kuna mtu wa kujibizana naye au kila mmoja amevaa visikizi vyake mbele ya mashine. Mwulize mwalimu binti yako atasikiliza nini nyumbani. Akikosa jibu, au akikupa kitabu pekee, shika mkoba wako. Kwa binti anayetoka katika masikio ya taarabu, mwalimu mwenye busara huenda akamwanzishia santuri ya Kind of Blue ya Miles Davis ya mwaka 1959, kwa sababu humo mpigaji hukaa muda mrefu katika ngazi moja, karibu na desturi ya maqamu, badala ya kukimbizwa kutoka fungu moja la sauti hadi jingine kila baada ya mapigo machache. Na asikilize kila siku, hata dakika kumi tu. Gitaa lako lina faida moja juu ya piano yetu: uzi huvutwa, na sauti ya katikati hupatikana.

Jumamosi ya tano wazazi walialikwa. Mwanangu alisema ana kazi, lakini alikuja, akasimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Walipiga bluzi, kila mwanafunzi mizunguko miwili. Mjukuu wangu alianza vizuri, akapotea kipimo cha saba, akanyamaza. Moyo ulinienda mbio. Muuguzi wa Kifilipino kwenye besi akaendelea taratibu, akimngoja, na mwanzoni mwa mzunguko wa pili mtoto akaingia tena, mkono mmoja tu, akaleta kifungu kile cha udi, si chote, nusu yake, na nusu iliyobaki ilikuwa yake mwenyewe. Haikuwa kazi kubwa. Sekunde ishirini hivi. Yule Msudani akamjibu kwa tarumbeta.

Ndani ya gari hakuna aliyezungumza mpaka tulipofika kwenye taa za barabara ya Madina. Kisha mwanangu akasema, "Ile uliyoleta mwishoni, umeitoa wapi?"

"Kwenye kanda ya Bibi."

Kimya kidogo. "Ile si ya Bibi," akasema mwanangu. "Ile ilikuwa ya marehemu babu yako. Alikuwa akiipiga kila Alhamisi jioni." Akaniuliza kama bado ipo. Nikamwambia ipo, lakini imekatika Jumatano, redio kaseti yetu imeitafuna.

Warsha nyingine, panapo majaaliwa, itakuwa baada ya Idi, na mwenye kutaka habari zake aniulize Ijumaa tutakapokutana kugawa jarida. Kanda nimeiunga kwa gundi. Ikiwa yupo msomaji wa Jeddah mwenye redio kaseti nzima, hata ya kuazima kwa siku mbili, tafadhali amjulishe mhariri.

Wassalaam alaykum.